Siku Nilipozivimbisha Kompyuta za Kitengela

Nyinyi vijana mnaokuja kwangu Jumapili baada ya kanisa, mnakunywa chai yangu huku mkilalamika kwamba mashine zenu ni goigoi, leo nimeamua kuwaandikia, kwa sababu nikisema mnacheka.

Jumapili iliyopita mjukuu wangu Mumo alikaa hapa sebuleni akingoja chombo chake cha kuandikia programu kifunguke. Alingoja mpaka chai ikaweka ngozi juu. Halafu akasema hiyo laptopu imezeeka, anahitaji nyingine.

Nikamuuliza, "Hiyo uko nayo ina kumbukumbu ngapi?"

"GB nane, Susu." Susu ni nyanya kwa Kikamba, na ndilo jina langu siku hizi.

"Na hicho chombo umekipatia ngapi kati ya hizo nane?"

Akanitazama kama mbuzi aliyeulizwa njia ya kwenda Mashuuru. "Kwani kinapatiwa?"

Ndiyo, mtoto wangu, kinapatiwa. Usipokipatia wewe, alishakipatia mtu wa kiwandani ambaye hajawahi kuona mashine yako na hatawahi kuiona. Mimi niliyeishia darasa la tano nalijua hilo, na nyinyi wenye digrii mnangojea chai ipoe. Nilivyolijua ni hadithi ya aibu yangu mwenyewe, kwa hivyo sikilizeni vizuri, sitairudia.

Kabla ya kompyuta nilikuwa nakata maua kwenye zile nyumba za plastiki za njia ya Isinya. Mgongo ukakataa. Miaka ya tisini ikielekea kuisha, chuo cha kompyuta kikafunguliwa hapa Kitengela, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la mabati na misumari. Kitengela ya wakati huo haikuwa hii ya maghorofa. Nyumbu walikuwa wanapita nyuma ya mji wakitafuta nyasi, na vumbi lilikuwa vumbi la kweli, lile unalolitafuna bila kutaka. Mwenye chuo aliitwa Madam Muthoni, mwanamke mwembamba mwenye sauti nene. Aliniandika kufagia.

Sheria yake ya kwanza ilikuwa kwamba viatu vinaachwa mlangoni, ati vumbi litaua kompyuta. Kwa hivyo watu walikuja kujifunza mambo ya dunia mpya ndani ya chumba kilichonuka soksi. Mimi ndiye nilipanga hivyo viatu kwenye ubao, jozi kwa jozi, na kwa viatu nilijua nani amefiwa, nani ameandikwa kazi, nani ametoka Namanga asubuhi hiyo hiyo.

Nilikuwa na bidii, na bidii bila akili ni kitu cha kuogopesha. Niliona kompyuta ziko uchi, nikazishonea vitambaa vya uzi, vile vya kufunika makochi, maua mekundu katikati. Ishirini! Nilishona miezi miwili. Nikazifunika zote, mbele na nyuma, na nyingine zikiwa zinafanya kazi. Saa nane jua likiwa kali, tatu zikazima moja baada ya nyingine. Akaitwa fundi wa chuo, Barasa, mtu mrefu ambaye suruali yake haikuwahi kufika kwenye viatu. Aliinua kitambaa kwa vidole viwili.

"Mama Mumbua," akasema, "hii ni kompyuta ama ni bibi arusi?"

Wanafunzi wakavunjika mbavu. Mimi nikakasirika.

"Nazikinga na vumbi!"

"Umezikinga na hewa pia. Njoo nikuonyeshe pua yake iko wapi."

Hiyo ndiyo siku niliyoanza shule yangu ya pili. Barasa hakuwa mtu wa kuficha kazi. Kila alipofungua mashine aliniita nishike tochi, na kila alichokishika alikitaja kwa jina la kitu ninachokijua. Ndani ya kompyuta, alisema, kuna stoo na kuna meza. Stoo ni diski: kubwa, inaweka kila kitu, lakini iko mbali na ina giza. Meza ni kumbukumbu: ndogo, iko mbele yako, na kazi yote inafanyiwa hapo. Meza ikijaa, mashine inabeba vitu inavirudisha stoo ili ipate nafasi, dakika hiyo hiyo inavihitaji tena, inarudi kuvichukua. Siku nzima inatembea na haijapika chochote.

Na akanifundisha kusikiliza. Hili mlishike, hata kama mashine zenu za sasa nyingine zimekuwa bubu. Mashine zile, meza ikiwa na nafasi, diski inaguna kidogo na kunyamaza, kama ng'ombe aliyelala akicheua. Meza ikijaa inaanza krr krr krr bila kupumzika, na ile taa ndogo ya mbele haizimiki. Huo ni ugonjwa mmoja. Kuna wa pili, unaofanana na wa kwanza ukiangalia kwa macho: chombo kinaenda kidogo, kinasimama, kinaenda, kinasimama, lakini diski imenyamaza kabisa. Hapo meza ina nafasi tele, ila chombo kimekatazwa kuitumia. Kimepewa pembe moja tu ya meza, na kila saa kinasimamisha kazi ili kipanguze hiyo pembe. Dawa ya ugonjwa wa kwanza ukimpa mgonjwa wa pili unamuua. Kwa macho huwezi kujua ni upi. Kwa sikio unajua.

Nani alikikataza? Ndio hapo tunarudi kwa mtu wa kiwandani. Chombo cha kuandikia programu kilikuja na namba yake, na namba hiyo ilisema, usichukue zaidi ya hapa. Chetu kilikuja na MB sitini na nne, enzi hizo tulihesabu kwa MB, si kwa GB kama zenu. Haikujali umekiweka kwenye mashine kubwa au ndogo. Ni kama shule ishone sare za saizi moja kwa watoto wote: mmoja inaburuta chini, mwingine haifungi kifungo. Yule wa kiwandani hakukosea. Aliweka namba ambayo haitamuua mtu yeyote. Kutoua na kufaa ni vitu viwili.

Namba yenyewe iko ndani ya faili ndogo ya maandishi matupu. Unaifungua, unafuta namba, unaandika nyingine, unahifadhi, unafunga chombo, unafungua tena. Ni hivyo tu. Walimu wa chuo waliogopa hiyo faili kama nyoka. Barasa alinionyesha nikiwa na ufagio mkononi.

"Lakini sikia, Mama Mumbua," akaniambia, akinipa daftari la kurasa arobaini na nane. "Ukiongeza namba, meza haikui. Umempa tu mtu mmoja ruhusa ya kutandaza vitu vyake mpaka mbali zaidi. Kwa hivyo kabla hujafuta namba ya zamani, iandike hapa. Badilisha mashine moja, si mbili. Na uijaribu kwa kazi nzito ya kweli, si kwa mchezo."

Nikasema ndiyo, ndiyo. Mnajua vile mtu husema ndiyo.

Barasa baadaye akahamia Loitokitok kufungua karakana yake. Madam Muthoni akanipa mimi funguo za chumba cha kompyuta, kwa sababu hakukuwa na mwingine aliyejua ipi huzimika ukiipiga kumbo. Lakini alinipa na maneno juu yake: "Unafungua, unafunga, unapangusa. Mambo ya ndani ni ya walimu. Nikisikia umeyaguza, unarudi kwa maua yako."

Sasa niwaambie juu ya Naserian.

Naserian alitoka upande wa Mashuuru. Alikuwa na miaka ishirini na sita na mtoto mmoja aliyemwachia mama yake. Hakuwa mtu wa kelele. Akifika anaweka viatu vyake kwenye ubao mwenyewe, hangoji nivipange, halafu ananisalimia kwa Kimaasai, "Takwenya, yieyo," yaani ananiita mama, nami najibu, "Iko." Kikamba changu na Kimaasai chake vilikutana hapo tu, kwingine kote tuliongea Kiswahili chetu hiki cha bara.

Alikuwa anaandika programu ya ofisi ya mifugo ya Kajiado. Pale waliandika chanjo za ng'ombe kwenye vitabu vikubwa, na kitabu kikiloa au kikipotea, hakuna anayejua kundi la nani limechanjwa na la nani bado. Ugonjwa ukija, wanachanja wale wale mara mbili na wengine wanakufa. Programu ya Naserian ilikuwa unaandika jina la mwenye kundi, inakuletea kila chanjo na mwezi wake. Mkubwa wa ofisi aliiona kwenye karatasi akamwambia: lete cheti, na lete hii ikiwa inafanya kazi, kuna meza yako hapa.

Shida ilikuwa cheti. Mtihani wa kwanza stima zilipotea katikati, na mtahini akasema kazi isiyoonekana ni kazi isiyofanywa. Sheria ilikuwa mara mbili tu. Ukianguka mara ya pili unaanza masomo upya, mwaka wa kwanza, na mtoto yuko Mashuuru anasahau sura yako. Kwa hivyo alibakiwa na mtihani mmoja.

Wiki moja kabla ya huo mtihani nikamkuta amekaa, mikono mapajani, anatazama skrini. Programu yake ilikuwa imekuwa kubwa. Chombo kilikuwa kinaenda, kinasimama, kinaenda, kinasimama, halafu kikaandika kwamba kumbukumbu imekwisha, kikajifunga.

"Yieyo, nimefika mwisho," akasema.

Nikainamisha sikio. Diski kimya kabisa. Ugonjwa wa pili! Na alikuwa amekaa kwenye mashine namba ishirini, ile mpya, yenye kumbukumbu mia tano kumi na mbili. Meza kama ya harusi, na chombo kimefungiwa kwenye pembe ya sitini na nne. Nikaangalia mlango, Madam hayupo. Nikafungua ile faili, nikaandika mia mbili hamsini na sita. Tukafungua tena.

Jamani, iliruka! Kazi iliyokuwa inachukua muda wa kwenda chooni na kurudi ikaisha kabla hajaondoa kidole. Naserian akaweka mkono mdomoni, akacheka. Sikuwa nimewahi kuyaona meno yake yote.

Na mimi kichwa kikavimba. Nilijiona fundi kumpita Barasa. Ijumaa mchana, wanafunzi walipotoka, nikazunguka chumba chote nikabadilisha mashine zote kumi na tisa zilizobaki, mia mbili hamsini na sita, mia mbili hamsini na sita, kama mtu anayegawa maandazi. Daftari lilikuwa kabatini, nikaona uvivu kulitoa. Na nilizijaribu, msiseme sikujaribu! Nilifungua chombo kwenye kila moja, ukurasa mtupu, kikafunguka vizuri. Nikazima taa nikaenda nyumbani nikiimba.

Hizo kumi na tisa zilikuwa za zamani. Kumbukumbu yake ilikuwa mia moja ishirini na nane. Nilikiambia chombo kinaweza kula mia mbili hamsini na sita mahali palipo na mia moja ishirini na nane.

Mtauliza, mbona zilifunguka? Hapo ndipo uchungu ulipo. Watu wa Kajiado wataelewa haraka. Ng'ombe aliyekonda kwa kiangazi, mvua ya kwanza ikinyesha, ukimwachilia kwenye majani mabichi hakuna wa kumzuia, hawezi kushiba akaacha. Anakula mpaka tumbo linavimba upande wa kushoto na anaanguka. Lakini dakika ile unamwachilia, ukimtazama, anapendeza. Namba ile ni ruhusa, si chakula. Chombo hakichukui vyote siku ya kwanza. Kinachukua kadiri kazi inavyokua, na kwa sababu kimeambiwa nafasi ipo, hakijisumbui kupanguza. Mimi nilijaribu kwa ukurasa mtupu. Niliangalia ng'ombe akiwa langoni.

Jumatatu mtahini akaja kutoka Nairobi, mzee wa kofia na mkoba wa ngozi, akavua viatu bila kupenda. Wanafunzi wakaokota vikaratasi vya namba za mashine, kila mmoja na programu yake kwenye diski ya chuo. Naserian akapata namba saba. Nikamfanyia ishara ya kidole gumba, ati usijali, Mama amezitengeneza zote.

Dakika kumi zikapita vizuri. Halafu nikasikia moja, kule pembeni. Krr. Nikajiambia ni vumbi. Ikaja ya pili. Ya tatu. Kabla sijapanga viatu vya mwisho, chumba kizima kilikuwa kinasaga kama kinu cha mahindi, na taa kumi na tisa zimewaka hazizimiki.

"Noma! Yangu imehang!"

"Mathe, hii mashine imelala!"

"Hakuna kuongea," mtahini akasema.

Akatembea mpaka nyuma ya Naserian. Kwenye skrini yake kamshale ka mausi kalikuwa kanatambaa kama konokono kwenye uji. Mtahini akasimama akitazama saa yake, halafu akasema, si kwa ubaya, "Binti, umeandika kitu kizito kisichobebeka. Programu nzuri haifanyi hivi." Akafungua kalamu.

Madam Muthoni naye akaingia, akasikia kelele za diski, akapiga makofi. "Ni virusi! Nimewaambia mara ngapi msilete diski za nje? Nani ameleta virusi?"

Mimi nilisimama pale mlangoni na funguo kiunoni. Nitawaambia ukweli, kwa sababu hii ni barua ya ukweli. Nilifikiria kunyamaza. Virusi havina mdomo wa kujitetea. Nilifikiria mgongo wangu na yale maua. Lakini Naserian hakuwa anamtazama mtahini wala Madam. Aligeuza shingo akanitazama mimi, na hakuwa amekasirika. Alikuwa anangoja nimwambie ni ugonjwa upi.

"Madam," nikasema, "si virusi. Na si programu ya huyu. Ni mimi."

"Mama Mumbua, toka nje."

"Nikitoka, huyu anarudi mwaka wa kwanza."

Mtahini akavua miwani. "Huyu ni nani?"

"Mimi ndiye mwenye funguo."

"Mwalimu?"

"Nafagia pia."

"Unataka kuniambia mfagiaji amebadilisha kompyuta za mtihani?"

"Ndiyo. Kumi na tisa zote. Ile ya ishirini ni nzima, muulize aliyekaa hapo." Aliyekaa namba ishirini, kijana mmoja mwenye ndevu tatu, akaitikia kwa kichwa, kazi yake ilikuwa imeisha zamani. "Na mfagiaji anaweza kuzirudisha ukimpa nafasi."

Madam alifungua mdomo, mtahini akainua mkono. Akafikiri. Akasema, "Dakika kumi. Mashine moja tu, hii hii ya saba. Ikienda, nitakubali ni mashine, na wote wataanza upya. Isipoenda, ninachoandika kinabaki."

Mnaona? Dakika kumi, na Naserian ndiye aliyekuwa juu ya mizani.

Nikapiga magoti mbele ya namba saba. Kukifunga chombo peke yake kulichukua dakika mbili, mashine ilikuwa imevimba hata haisikii. Kikafunga. Nikafungua ile faili, mkono wangu wenyewe ukaandika sitini na nne.

Naserian akanong'ona, "Yieyo, sitini na nne ndiyo iliyokufa wiki ile."

Nikaganda. Alikuwa na haki. Kwa namba ya juu chombo kilivimba, kwa ya chini kilikufa njaa, na programu yake ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote mle ndani. Namba ya kiwandani haikumtosha na namba ya kiburi changu ilimuua. Ilibidi nitafute ya katikati, na sikuwa nimewahi kutafuta, nilikuwa nimewahi kugawa tu.

Nikamkumbuka Barasa na mikono yake mirefu akichora meza. Kwanza toa anachokula mwenye nyumba. Mashine yenyewe, kabla hujafanya chochote, inakula ili iwe hai. Zile za zamani zilikula kama arobaini. Mia moja ishirini na nane toa arobaini, nikahesabu kwa vidole vya mkono na vya miguu, maana nilikuwa bila viatu. Themanini na nane. Acha kidogo ya kupumua. Nikafuta, nikaandika themanini. Halafu nikaangalia pale chini ya skrini, nikakuta programu ya muziki ambayo mtu aliiacha Ijumaa imejificha, inakula bure. Nikaifukuza.

"Fungua," nikamwambia Naserian. "Lete ile kazi yote nzito. Usinihurumie."

Akafungua. Diski ikaanza, krr krr. Nikaweka sikio kwenye sanduku, shavu kabisa, vumbi likaingia kwenye jasho.

"Anafanya nini huyo mama?" mtahini akauliza.

"Anasikiliza," Naserian akasema, vidole vikiwa kwenye kibodi.

Krr krr krr. Kimya. Krr. Mtu mmoja akapiga chafya nikatamani kumfinya. Kimya tena. Halafu ikaguna mara moja, guu, kama ng'ombe anayelala, na taa ya mbele ikazimika.

"Andika jina," nikasema, bila kuinua kichwa.

Akaandika jina la baba yake. Haikuruka kama ile namba ishirini, sitawadanganya. Ilienda kama mzee anayepanda ngazi. Lakini ilipanda. Kundi la baba yake likatokea, chanjo moja chini ya nyingine, na miezi yake. Mtahini akainama akasoma mpaka mwisho wa orodha. Akaangalia saa.

"Umebakiza moja," akaniambia. "Sasa nenda ukatengeneze zile nyingine. Na mara hii, mama, zijaribu."

Wanafunzi walisimama kwenye ngazi wameshika viatu mkononi kama watu waliokimbia mafuriko. Mimi nikatoa daftari kabatini. Mashine moja, naandika, nabadilisha, najaribu kwa kazi nzito kuliko zote aliyokuwa nayo mwalimu, nasikiliza, naenda ya pili. Walianza upya adhuhuri.

Naserian alipata cheti, si kwa alama za kupigiwa vigelegele, lakini alipata. Mkubwa wa ofisi ya mifugo alikuwa mtu wa neno lake, akampa ile meza.

Mimi Madam alininyang'anya funguo jioni ile ile, na alikuwa na haki. Muhula mzima nilifagia tu, walimu wakipambana na zile mashine, mimi nikisikia kutoka kwenye ngazi ipi inaugua na inaugua nini, na nimefunga mdomo. Muhula ulipoisha nilikuta funguo zimewekwa juu ya ubao wa viatu, na chini yake daftari jipya. Nilikaa na hizo funguo mpaka chuo kilipohama.

Mambo yamebadilika, najua. Mashine zikaongezwa meza, vyombo navyo vikaongeza tumbo, na mtu wa kiwandani akapandisha namba yake, tena siku hizi nasikia vingine vinajipimia vyenyewe. Vizuri. Lakini bado hajaingia nyumbani kwako. Hajui una programu ya muziki imejificha.

Naserian alinitembelea miaka kadhaa baadaye, akitoka Kajiado, na laptopu ya ofisi imefungwa kwa shuka ili isipigwe na vumbi. Alikuwa amenenepa vizuri, na mtoto wake, msichana mrefu, alikuwa ameshika mkono wake.

"Takwenya, yieyo."

"Iko."

"Imeanza tena kwenda na kusimama," akasema. "Makundi yamekuwa mengi, sasa tunaandika mpaka ya Namanga."

Nikamwambia aiweke mezani. Nikamtuma mtoto azime redio. Nikaweka sikio: kimya. Nikajua ni njaa, si kuvimbiwa. Lakini sikuguza kitu.

"Namba ya zamani umeandika wapi?" nikamuuliza.

Akafungua mkoba akatoa daftari la kurasa arobaini na nane, limechakaa pembe. Akanifungulia ukurasa wa kwanza kabisa. Juu, kwa mwandiko wake ule wa kutulia, aliandika: Mashine namba saba, themanini.

Mumo, daftari lako nimeliweka juu ya kabati, karibu na sukari. Laptopu tutazungumza ukishalijaza.